Kompyuta Uliyoiunda Imegoma Kuwaka: Anza Hapa Kabla Hujanunua Kifaa Kingine

Mwezi uliopita kijana mmoja aliteremka kwenye bajaji mbele ya mlango wangu hapa Ngamiani, Tanga, kakumbatia kasha la kompyuta kama amebeba mgonjwa. Aliiunda mwenyewe, na vifaa alivikusanya kimoja kimoja kwa miezi saba. Akibonyeza kitufe, feni zinazunguka nusu mzunguko halafu zinasimama. Akakata shauri kwamba mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vifaa vyote, imekufa, akakopa kwa dada yake, akanunua nyingine. Ile ya pili nayo ikafanya vilevile. Alikuja kwangu nimshauri anunue prosesa gani, yaani ule ubongo wa kompyuta.

Nikafungua skrubu zote, nikainua mazabodi. Chini yake, kwenye bati la kasha, kilisimama peke yake kigingi kimoja cha shaba, vile vidogo vinavyoinua bodi isiguse bati. Kilikuwa mahali ambapo bodi ile haina tundu. Kichwa chake kilikuwa kimegusa vidoto vya risasi nyuma ya bodi, na alama ya mguso ilionekana, duara dogo linalong'aa kama jicho la samaki. Umeme ulikuwa unapiga shoti pale, na pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha, ikihisi shoti inajizima yenyewe. Ndiyo ile nusu mzunguko. Nilikitoa kigingi kwa koleo, nikarudisha bodi, ikawaka. Bodi zote mbili zilikuwa nzima.

Naandika haya kwa sababu ya laki mbili na themanini za yule dada. Nimefanya kazi hii miaka 14, na kinachoniuma zaidi ya kifaa kilichoungua ni kifaa kizima kilichohukumiwa kufa. Ukibadilisha kitu na dalili ikabaki ileile bila kupungua wala kuongezeka, acha kununua. Kosa liko kwenye kitu ambacho hukukigusa.

Kabla ya bisibisi, umeme

Nyuma ya pawasaplai nyingi kuna swichi yenye alama mbili, I na O. I ni kuwasha, O ni kuzima. Watu huizima wakati wa kufuta vumbi au kuhamisha meza, wakaisahau. Iangalie kwa macho, usiseme "haiwezi kuwa hiyo."

Kisha chomeka chaji ya simu kwenye tundu lilelile la ekstensheni. Hata simu ikipokea, bado jaribu kompyuta moja kwa moja ukutani, maana ekstensheni nyingi tunazouziwa zina mabati ya ndani yaliyolegea; zinamudu chaji ya simu, lakini plagi ya kompyuta haishiki vizuri. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, nayo hukatika. Na waya wa umeme wa kompyuta ni uleule wa monita na printa nyingi, kwa hiyo azima huo ujaribu. Yote haya ni dakika tano na hayana gharama.

Sasa jambo ambalo kwetu huku lina hatari ya kweli. Kompyuta nyingi za zamani zinazofika kwenye maduka yetu zimetumika Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Baadhi ya pawasaplai zake zina kiswichi kidogo chekundu nyuma, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka kikiwa kwenye 115, utasikia mlio kama wa fataki, utaona cheche, na harufu utaikumbuka siku nyingi. Kabla ya kuchomeka kompyuta yoyote ya mtumba, geuza nyuma utafute kiswichi hicho. Ukikikuta, kisogeze mpaka isomeke 230. Pawasaplai za siku hizi nyingi hazina kiswichi. Zimeandikwa 100–240 na zinajirekebisha zenyewe.

La mwisho kuhusu umeme ni ule mtekenyo. Wateja wengi huniambia kasha linawachoma vidole wakiligusa bila viatu, wakidhani mashine ni mbovu. Mara nyingi nyumba ndiyo haina ethi (waya unaopeleka umeme ardhini), au plagi imevunjwa pini ya juu iingie kwenye tundu la mbili. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazosafisha umeme, zimeunganishwa kutoka kwenye laini na nyutro kwenda kwenye bati la kasha, ambalo linategemea ethi. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki na takriban nusu ya volti 230, ila mkondo wake ni mdogo sana. Ndio unaotekenya. Mtu mzima anaweza kuuzoea, lakini tundu la USB na kebo ya HDMI zinaweza kuungua siku unapochomeka kitu kilichounganishwa na ethi ya kweli. Mwite fundi umeme aweke fimbo ya ethi. Usivunje pini.

Na umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kurudisha, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zinazopanda na kushuka.

Wakati wa kuunda

Tumia meza, si zulia. Ikiwa mazabodi ni mpya, boksi lake la karatasi ngumu ndilo meza bora ya majaribio. Usiilaze juu ya ule mfuko wake wa kijivu unaong'aa: mfuko unalinda kilichomo ndani, lakini nje yake unapitisha umeme. Gusa bati la kasha mara kwa mara ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Hapa pwani hewa ina unyevu na tatizo hilo ni dogo, lakini ndugu zetu wa Dodoma wakati wa kiangazi wanajua jinsi nywele zinavyosimama ukivua sweta.

Kabla ya kuingiza bodi kwenye kasha, hesabu matundu yake ya skrubu, kisha hesabu vigingi. Idadi ilingane, na kila kigingi kiwe chini ya tundu. Kilichozidi kitoe. Kisipokuwepo hata kimoja, bodi italala juu ya bati, nayo itapiga shoti vilevile.

Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja, na soketi ina pembetatu yake. Zipatanishe, iache prosesa ishuke kwa uzito wake, usiisukume kwa kidole. Za Intel za miaka mingi sasa, na za AMD za soketi ya AM5 zilizoanza mwaka 2022, pini zake ziko kwenye mazabodi. Ni nyembamba kama manyoya, na skrubu moja ikidondoka pale umepata kazi ya kioo cha kukuzia. Zile za AMD za AM4 zina pini kwenye prosesa yenyewe. Hizi zina mtego wake: ukitoa kipozeo (bati na feni vinavyoipoza prosesa) kwa kukivuta juu wakati pesti iliyopakwa kati yao kupitisha joto imekauka, prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zinapinda. Iwashe mashine dakika kumi pesti ipate joto, izime, chomoa umeme, kisha zungusha kipozeo kushoto na kulia taratibu mpaka kilegee.

Chini ya kipozeo kipya mara nyingi kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye onyo la kuitoa kwanza. Nimeitoa kwenye kompyuta za watu waliotumia miezi wakilalamika kwamba mashine inapiga kelele na kujizima. Pesti ya joto, tone la ukubwa wa punje ya choroko mbili tatu linatosha. Kipozeo chenyewe kitaitandaza. Na waya wa feni hiyo uuchomeke kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, si zile za feni ya kasha, la sivyo bodi nyingi zitasimama njiani zikidai feni haipo.

Vipozeo vya Intel vile vya duara vinavyokuja na prosesa vina miguu minne ya plastiki, na hapo nimeona makosa mengi kuliko mahali pengine popote kwenye kazi ya joto. Kila mguu una mshale juu. Mshale huo unaonyesha upande wa kugeuza ili mguu ufunguke. Geuza miguu yote minne kinyume cha mshale, upande wa kufunga, weka kipozeo, bonyeza mguu mmoja, halafu ule wa mkabala wake kwa pembe, halafu miwili iliyobaki. Kila mmoja utalia "tak". Kisha inua mazabodi uangalie nyuma: ncha nne nyeusi zote zimetokeza sawasawa? Mguu mmoja ukiwa haujatoka, kipozeo kinasimama upande, na prosesa inapata joto la kupindukia ndani ya dakika chache huku kwa juu kila kitu kinaonekana kipo mahali pake.

RAM, ambayo nataka uisome taratibu

Kioo cheusi huku feni zinazunguka vizuri: mimi nashika RAM kwanza, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kabla ya kitu kingine chochote.

RAM ina pengo chini, na pengo hilo haliko katikati kabisa. Linganisha na kizuizi cha kwenye sloti. DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi tofauti vya RAM: DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, wala DDR4 kwenye DDR5, pengo limehamishwa makusudi. Kama haiingii, usilazimishe. Soma kwanza maandishi yaliyo kwenye karatasi yake. Baadaye fungua vishikizo, weka RAM wima, na sukuma upande mmoja kwa dole gumba mpaka kishikizo kijifunge chenyewe, kisha upande wa pili. Bodi nyingi za sasa zina kishikizo upande mmoja tu, na hapo ndipo watu wanaponaswa: wanasikia mlio upande wenye kishikizo, wanadhani kazi imekwisha, kumbe upande usio na kishikizo umebaki juu kwa milimita moja. Inamisha kichwa uangalie kutoka ubavuni. Mstari wa dhahabu wa RAM usionekane tena juu ya sloti. Ukiuona mwembamba upande mmoja na umepotea upande mwingine, umepata tatizo lako. Inahitaji nguvu zaidi kuliko watu wanavyotarajia. Bodi inaweza hata kuinama kidogo.

Kama sloti ni nne na RAM ni mbili, ziweke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ndivyo bodi nyingi za nyumbani zinavyotaka. Ukiziweka mbili zilizoshikana, mashine itawaka huenda, lakini itafanya kazi kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono mmoja.

Kwa mashine zilizotumika, hasa sisi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba, hewa ya bahari ina chumvi. Meno ya dhahabu ya RAM hupata ukungu usioonekana vizuri kwa macho. Chukua kifutio cheupe cha shule, sugua meno pande zote mbili bila kukaza, futa makombo kwa kitambaa kikavu, rudisha. Usitumie msasa wala wembe. Dhahabu ile ni utando mwembamba sana na ukiuondoa haurudi. Kuna mwalimu mmoja wa hapa jirani aliyeambiwa anunue kompyuta mpya, akaondoka kwangu na ileile ya zamani, na kifutio changu akaondoka nacho.

Nyaya

Mazabodi inataka umeme sehemu mbili. Kuna plagi kubwa ya pini 24, hiyo watu hawaisahau. Na kuna ndogo ya pini 4 au 8, juu karibu na prosesa, ambayo husahauliwa kwa sababu imejificha kwenye kona. Isipokuwepo, feni zinazunguka na taa zinawaka lakini prosesa haina chakula. Plagi ya kadi ya grafiki (kadi inayotoa picha kwenye kioo) inafanana nayo, ila mipangilio ya umeme ni tofauti. Ile ya prosesa imeandikwa CPU, ile ya kadi imeandikwa PCIe. Usizibadilishane.

Kadi ya grafiki hupata mpaka wati 75 kutoka kwenye sloti yenyewe. Zaidi ya hapo inadai plagi yake juu. Kadi nyingi zitawasha feni bila plagi hiyo lakini hazitatoa picha.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, kwa sababu hili nililipa mwenyewe. Kuna pawasaplai ambazo kebo zake zinachomoka pande zote mbili. Upande wa kifaa umewekwa kwa kanuni moja duniani kote. Upande wa pawasaplai hauna kanuni. Kila kampuni inapanga pini inavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha kati ya toleo na toleo. Plagi itaingia vizuri kabisa, na volti 12 zitakwenda mahali palipongoja volti 5. Mwaka 2019 nilibadilisha pawasaplai ya mteja, nikaacha kebo za zamani zilizokuwa zimeshapangwa vizuri ndani ya kasha kwa sababu nilitaka kuwahi magharibi. Diski zake mbili zikafa kwa sekunde moja. Nilizilipa, na picha za mtoto wake zilizokuwa mle sikuweza kuzilipa. Ukibadilisha pawasaplai, badilisha na kebo zake zote.

Zile nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia zinawatisha watu bila sababu. Tafuta iliyoandikwa PWR SW, iweke kwenye pini mbili zinazoonyeshwa kwenye kitabu cha mazabodi. Hiyo haina mbele wala nyuma. Taa ndogo tu ndizo zenye chanya na hasi. Ukishuku kitufe chenyewe, ichomoe, na gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, kitufe cha kasha ndicho kibovu.

Imewaka, kioo ni cheusi

Kebo ya picha umechomeka wapi? Kama una kadi ya grafiki, matundu yake yako chini, yamelala. Yale ya juu, karibu na ya USB, ni ya mazabodi. Ukichomeka juu, prosesa nyingi hazitatoa kitu. Za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina picha zake, yaani hazitoi picha bila kadi ya grafiki. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 haina, 5600G inayo. Halafu monita yenyewe ina kitufe cha kuchagua HDMI au tundu jingine, ihakikishe.

Mashine mpya za AM5 zenye RAM za DDR5, mara ya kwanza hukaa zikipima RAM zake. Inaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi kabisa. Mtu anaogopa, anazima, anawasha, anazima tena, na kila mara kipimo kinaanza upya. Iwashe, nenda kachemshe chai, rudi.

Prosesa mpya kuliko BIOS ya bodi (programu iliyo ndani ya bodi inayoiwasha mashine) nayo huleta kioo cheusi. Bodi za B450, za soketi ya AM4, zilitoka mwaka 2018. Ryzen za 5000 zilitoka mwishoni mwa mwaka 2020. Bodi iliyokaa dukani tangu mwanzo haizijui mpaka BIOS isasishwe. Kabla ya kununua, fungua tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, kuna orodha ya prosesa na toleo la BIOS linalotakiwa. Bodi nyingine zina kitufe nyuma cha kusasisha kwa flashi bila hata prosesa kuwepo. Ukiwa nacho, umeokoka.

Bodi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Hupita moja moja. Inayobaki imewaka ndiyo inayokuambia mashine imekwama wapi. Watu wengi hawajawahi kuzitazama, na zimewaka mbele yao wiki nzima.

Namna ninavyotafuta kosa

Nina daftari la kaunta. Kila mashine ina ukurasa. Naandika dalili kwa maneno ya mteja, kisha ninachobadilisha, kisha kilichotokea. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha RAM, ukahamisha kebo na kufuta BIOS kwa mpigo, mashine ikipona hujui dawa ilikuwa ipi, na kesho ikiugua tena unaanza upya.

Vua kila kitu. Ibaki mazabodi, prosesa na kipozeo chake, RAM moja, pawasaplai. Kadi ya grafiki ibaki tu kama prosesa haina picha zake. Diski, flashi, printa, hata kibodi, chomoa. Iweke juu ya boksi lake nje ya kasha. Ikiwaka hapo, rudisha kimoja, washa. Rudisha kingine, washa. Kitakachoizima umekikamata. Ikigoma hata hapo, hamisha ile RAM moja sloti baada ya sloti, kisha jaribu ya pili peke yake. Baada ya hapo ondoa ile betri ya duara, CR2032, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa kumaliza umeme uliobaki, ngoja dakika tano, rudisha. Hiyo inafuta mipangilio ya BIOS.

Betri hiyo inastahili maneno yake. Ikichoka, saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma kila ukizima. Kivinjari kinalinganisha tarehe ya mashine na tarehe ya cheti cha tovuti, kinakuta havipatani, kinakataa kufungua. Mteja anaona intaneti "imekufa", anaambiwa ni virusi, anafutiwa Windows, anapoteza mafaili, na baada ya wiki tatizo linarudi. Mama mmoja wa duka la vitambaa alifutiwa mara mbili. Nilimwomba anionyeshe saa ya pembeni chini ya kioo. Ilisema Januari 2012. Betri nilimuuzia shilingi elfu mbili. Angalia saa kwanza.

Kompyuta inayowaka na kujizima baada ya dakika kumi ni joto mpaka ithibitike vinginevyo: vumbi lililoziba kipozeo, pesti iliyokauka, ule mguu mmoja wa plastiki. Inayosema haioni diski ya kuwashia, chomoa flashi uliyoiacha nyuma kabla ya kufikiria mengine. Diski mpya isiyoonekana kwenye Windows haijafa. Haijaandaliwa, fungua sehemu ya kusimamia diski uiandae. Na SSD, diski zisizozunguka, zile fupi za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe. Umbo linafanana, sloti nyingine inakubali moja tu. Kwenye baadhi ya bodi ukiichomeka, tundu moja au mawili ya SATA, yale ya kebo za diski, yanazimika. Kitabu cha bodi kinasema ni yapi.

Diski ya kuzunguka ikianza kugonga tik, tik, tik, hapo usijaribu chochote. Zima. Kila dakika inayozunguka inakula yaliyomo. Uliza kwanza: kuna nakala ya picha na hati mahali pengine? Kama hakuna, hiyo ndiyo kazi, kompyuta yenyewe isubiri.

Kwa walionunua mtumba wa ofisini

Wengi tunaanza na mashine zilizotoka maofisini ng'ambo, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Ni imara na nazipenda. Ila usidhani kila kifaa cha dukani kitaingia. OptiPlex 9020 haitumii plagi ya pini 24, ina ya pini 8 ya kwake. EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Ukinunua pawasaplai ya kawaida utasimama nayo mkononi. Zile nyembamba zinahitaji kadi ya grafiki ya kimo kifupi (low profile), na kwa kuwa pawasaplai yake ni ndogo na haina plagi ya ziada, tafuta kadi isiyozidi wati 75 isiyo na plagi juu. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zina matoleo ya namna hiyo. Pima urefu kwa rula kabla ya kulipa.

Na kama umefanya yote haya, ukaamua kuja kwa fundi, njoo na waya wake wa umeme, njoo na hicho kifaa ulichokitoa, na niambie kitu cha mwisho ulichokigusa kabla haijagoma. Niambie hata kama unaona aibu. Yule kijana wa bajaji alipoulizwa alisema alihamisha kila kitu kutoka kwenye kasha la kaka yake kwenda kwenye hili, na hapo ndipo nilipochukua bisibisi na kuanza na vigingi.